Alexander Mackay na Makaburi ya Usambiro

Katika kuadhimisha miaka mia moja ni desturi njema kuwataja wazee waliotutangulia: wainjilisti wa kwanza, wachungaji, walimu wa vijijini, na akina mama waliobeba mawe ya msingi vichwani mwao. Majina yao yamo katika sura nyingine za kitabu hiki. Sura hii inamkumbuka mtu mwingine, ambaye hakuwa Mlutheri wala hakuwa mwenyeji wa nchi hii, lakini alilala katika ardhi hii kabla Walutheri hawajahubiri kandokando ya Ziwa Viktoria. Mtu huyo ni Alexander Murdoch Mackay, mmisionari wa Shirika la Misheni la Kanisa la Uingereza, linalojulikana kwa kifupi kama CMS. Alifariki mwaka 1890 mahali paitwapo Usambiro, kwenye mwisho wa kusini wa Ghuba ya Smith, katika ukanda ambao siku hizi wageni huujia kwa sababu ya dhahabu ya Geita na Bulyanhulu.

Habari zake zinatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, njia mojawapo iliyolileta Neno la Mungu kwa Walutheri wa kanda ya ziwa ilipita mikononi mwake. Pili, maisha yake yote ya umisionari yaliambatana na makaburi. Aliwazika wenzake mmoja baada ya mwingine, aliitwa mara kadhaa kurudi kwao, naye akabaki.

Kuzaliwa na malezi

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba, 1849 katika kijiji cha Rhynie, wilaya ya Aberdeen, nchini Uskoti. Baba yake, aliyeitwa pia Alexander, alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti, na alikuwa mtaalamu wa jiografia aliyeandika vitabu vya somo hilo. Mpaka kijana alipofikia umri wa miaka 14, baba ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Alimfundisha lugha, hesabu na ramani, na walipotembea pamoja alimchorea mavumbini kwa fimbo mikondo ya mito ya Afrika, ambayo wakati huo wasafiri walikuwa bado wakiitafuta.

Mama yake alifariki mwaka 1865, mwanawe akiwa angali shuleni. Msiba huo ulimgeuza kijana. Alianza kusoma Maandiko kwa bidii, jambo ambalo mama alilitamani sana.

Hata hivyo Mackay hakutaka kuwa mchungaji kama baba yake. Alipenda mitambo. Alisomea ualimu na kisha uhandisi huko Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani, akafanya kazi katika kiwanda cha mitambo mjini Berlin. Huko alikaa katika nyumba ya mhubiri wa kanisa kuu, Baur, akashiriki ibada na ushirika wa Wakristo wa Kijerumani. Walutheri tunaweza kulitazama jambo hili kwa furaha: wito wake ulikomaa katika nyumba ya mchungaji wa Kiinjili wa Kijerumani, katika mji uleule ambamo mwaka 1886 lilianzishwa shirika la misheni ambalo baadaye lilijulikana kama Misheni ya Betheli.

Wito na safari

Mackay aliona kwamba Afrika ilihitaji Injili pamoja na ufundi, na kwamba mhandisi angeweza kumtumikia Mungu kwa nyundo kama mchungaji amtumikiavyo kwa mahubiri. Kwanza alikusudia kwenda Madagaska. Mwishoni mwa mwaka 1875 ilichapishwa gazetini barua ya Stanley, ikieleza kuwa Kabaka Mutesa wa Buganda alikuwa tayari kuwapokea walimu wa Kikristo. Mackay akaandika kuomba nafasi, akakubaliwa.

Kundi la kwanza lilikuwa na watu wanane, naye akiwa miongoni mwa wadogo kwa umri, miaka 26. Katika kikao cha kuwaaga, mwezi Aprili 1876, aliiambia kamati isishangae ikisikia katika muda wa miezi sita kwamba mmoja wao amekufa. Aliomba kwamba habari hiyo itakapofika wasikate tamaa, bali wapeleke mtu mwingine mara moja kuijaza nafasi hiyo. Mwezi Agosti mwaka huohuo James Robertson alifariki Unguja.

Misiba iliendelea kufuatana. Dakta John Smith alifariki mwezi Mei 1877 huko Kageye, pwani ya Usukuma, akazikwa hapo. Mwezi Desemba 1877 Luteni Shergold Smith, kiongozi wa msafara, na mwenzake O'Neill waliuawa Ukerewe katika ugomvi uliokuwa kati ya Mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Wengine wawili walirudi kwao kwa ugonjwa. Kati ya wanane, waliobaki kazini walikuwa wawili tu: Wilson, aliyekuwa amekwisha kufika Buganda, na Mackay mwenyewe, ambaye homa ilikuwa imemrudisha pwani.

Wakati huo Mackay alikuwa amefungua njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, mwendo wa maili 230 hivi, akikata miti na kuvusha mito pamoja na vibarua wake. Wapagazi na vibarua wakampa jina la Mzungu wa Kazi. Aliposikia mauaji ya Ukerewe hakungoja kupelekewa wenzake. Alifika Kageye mwezi Juni 1878, akakuta mizigo ya misheni imerundikana ovyo, zana zimeshika kutu, na mashua iitwayo Daisy imetoboka na kuoza.

Hapa hatuna budi kuwakumbuka watu ambao majina yao hayakuandikwa. Daisy ilikuwa imeletwa kutoka pwani vipande vipande juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Vitabu, dawa, vyuma na zana za ufundi vilipita Unyamwezi na Usukuma kwa njia hiyohiyo. Wapagazi wengi walikufa njiani kwa homa, ndui na njaa, wakazikwa kando ya njia bila alama yoyote. Tukisema kwamba Mackay aliifungua nchi kwa Injili, tuseme pia kwamba wana wa nchi hii ndio waliombebea mzigo.

Kabla ya kuvuka ziwa Mackay alikwenda Ukerewe bila silaha kuonana na Lukonge, mtemi ambaye wenzake walikufa katika nchi yake. Hakwenda kudai kisasi. Alikaa naye siku kadhaa, wakafanya amani. Watumishi wake walidhani hatarudi, lakini alirudi salama. Kisha akaitengeneza Daisy, akasafiri pamoja na Wilson. Dhoruba iliivunja mashua pwani ya magharibi ya ziwa, nao wakaikata sehemu ya katikati na kutumia mbao zake kuziba mbele na nyuma. Kazi hiyo iliwachukua majuma mengi. Waliingia Buganda mwezi Novemba 1878.

Miaka ya Buganda

Mackay alikaa Buganda karibu miaka tisa. Alijenga nyumba, alichimba kisima, alifua chuma, alifundisha vijana kusoma, na alichonga herufi kwa mkono wake ili kuchapa karatasi za kwanza za Kiganda. Tarehe 18 Machi, 1882 walibatizwa waumini watano wa kwanza wa misheni hiyo. Mmoja wao, Sembera, alichagua kuitwa Mackay. Huyu mhandisi hakuoa wala hakupata mtoto, lakini tangu siku ile jina lake liliishi katika ukoo wa watu wengine.

Mwaka huohuo mama yake Kabaka Mutesa alifariki, na Mackay akaombwa amtengenezee jeneza kwa desturi ya kifalme. Ilikuwa kazi ya mwezi mzima. Yalitakiwa majeneza matatu, moja ndani ya jingine, la kati likiwa la shaba, na la nje kubwa kama nyumba ndogo. Alifanya kazi hiyo pamoja na mafundi wa Kiganda, naye aliwaona wakuu wakizika pamoja na marehemu mali nyingi sana ya nguo.

Haifai kumsimulia kana kwamba hakuwa na upungufu. Tangu mapadre wa Kikatoliki walipofika Buganda mwaka 1879, alibishana nao mbele ya Kabaka na wakuu wake, kila upande ukiuita mwenzake mpotovu. Wasikilizaji walibaki wakijiuliza ni yupi kati ya wageni hawa aliyekuwa na Mungu wa kweli. Uadui uliopandwa hapo ulizaa vita baina ya Wakristo wenyewe mwaka 1892, baada ya yeye kufa. Tunaposhirikiana leo na ndugu zetu Wakatoliki katika shule, hospitali na misiba, tunajua ni jeraha gani linalotibiwa.

Mutesa alifariki mwezi Oktoba 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga. Tarehe 31 Januari, 1885 vijana watatu wa misheni, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa moto. Lugalama alikuwa mtoto tu. Mwezi Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga, na mwaka 1886 Wakristo wengi, Waprotestanti na Wakatoliki, waliuawa kwa ajili ya imani yao. Mackay alibaki katikati ya hayo yote, akichapa kurasa za Injili ya Mathayo usiku na kuwapa wasomaji waliokuja kwa siri. Mwezi Julai 1887 Mwanga alimtaka aondoke. Alifunga mlango wa nyumba ya misheni, akapanda mashua na kuelekea kusini.

Usambiro

Hivyo ndivyo Mackay alivyofika katika nchi yetu kwa kukaa. CMS walikuwa tayari wamefanya kazi Msalala, jina ambalo leo linabebwa na halmashauri yenye mgodi wa Bulyanhulu. Mackay alijenga kituo kipya Usambiro, katika nchi ya Mtemi Makolo. Alijenga nyumba za udongo, karakana ya useremala na uhunzi, na chumba cha mtambo wa kuchapia. Watu wa vijiji vya jirani walikuja kutazama moto wa mhunzi na gurudumu linalozunguka, na wengine wakaja kujifunza kusoma.

Mwanzoni mwa mwaka 1888 alifika Askofu Henry Parker, mrithi wa Hannington, pamoja na wamisionari wengine. Kwa Mackay, aliyekuwa peke yake kwa miezi mingi, hiyo ilikuwa sikukuu. Walisali pamoja, wakapanga kazi ya miaka ijayo. Lakini mwezi Machi homa iliingia kituoni. Mchungaji Blackburn alikufa kwanza. Majuma mawili baadaye, tarehe 26 Machi, alikufa Askofu Parker, ambaye hakufika Buganda aliyowekwa kuwa mchungaji wake. Waliobaki wakatawanyika, wengine kwenda Buganda, mwingine kurudi Ulaya kwa ugonjwa. Mackay akabaki na karakana yake, wanafunzi wake, na makaburi mapya nje ya mlango.

Mwaka huo Mwanga alipinduliwa, na baada ya muda mfupi Wakristo walifukuzwa Buganda. Wamisionari wa CMS na mapadre wa Kikatoliki walitolewa pamoja katika mashua moja, Eleanor. Ziwani kiboko aliitoboa mashua hiyo na baadhi ya abiria wakafa maji. Waliookoka waliitengeneza, wakafika pwani ya kusini, mapadre wakaenda Bukumbi na wenzao wakaenda Usambiro. Wakimbizi wa Kiganda pia walikuja, na kituo kikawa kijiji cha watu waliopoteza makwao. Mwanga mwenyewe alikimbilia Usukuma, kwanza Magu kwa wafanyabiashara Waarabu, kisha akapokewa na mapadre wa Bukumbi. Mfalme aliyemfukuza Mackay sasa alimwandikia barua kumwomba asahau yaliyopita na kumsaidia.

Tarehe 28 Agosti, 1889 Stanley alifika Usambiro pamoja na Emin Pasha na msafara wao uliochoka. Walipumzika karibu majuma matatu. Stanley alistaajabu kumkuta mtu huyu mdogo wa kimo, mwenye macho ya bluu, ambaye kwa miaka zaidi ya kumi na miwili alikuwa ameona marafiki wakifa na kazi yake ikiteketea, lakini hakulalamika. Alimshauri aondoke pamoja nao akapumzike Ulaya. Mackay alikataa. Viongozi wa CMS nao walimwandikia arudi kwao kwa likizo, na mwezi Januari 1890 aliwajibu kwamba huo haukuwa wakati wa mtu kuacha zamu yake. Aliwataka kwanza walete watu ishirini, na baada ya hapo ndipo yeye angefikiria kwenda.

Kifo na mazishi

Siku zake za mwisho alikuwa akijenga mashua kubwa ya kusafiria ziwani, na wakati huohuo akiendelea kutafsiri Injili ya Yohana kwa Kiganda. Mmisionari mmoja tu, Deekes, alikuwa pamoja naye, naye alikuwa mgonjwa, tayari amejiandaa kwenda pwani. Asubuhi ya safari Mackay alishikwa na homa. Deekes akaahirisha safari ili amwuguze. Baada ya siku chache, Jumamosi tarehe 8 Februari, 1890, Mackay alifariki akiwa na umri wa miaka 40. Tangu alipotua Afrika mwaka 1876 hakuwahi kurudi kwao hata mara moja.

Jeneza lake lilitengenezwa kwa mbao alizokuwa amezipasua mwenyewe kwa ajili ya mashua. Jumapili saa nane mchana alizikwa kando ya Askofu Parker. Hapakuwa na baba, dada wala ndugu wa damu. Waliosimama kaburini walikuwa Deekes aliyedhoofika, Wakristo wa Kiganda walio ukimbizini, na vijana wa kijijini. Waliimba kwa Kiganda wimbo wa kulisifu jina la Yesu.

Mwaka 1927, Kanisa la Uganda lilipotimiza miaka hamsini, mifupa yake ilihamishwa kutoka Usambiro ikazikwa upya Namirembe, Kampala, penye kanisa kuu. Dada yake alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka uleule wa kifo chake, na kwa hiyo jina lake halikupotea. Kituo cha Usambiro chenyewe hakikudumu, na kazi ya CMS katika Usukuma ilibaki Nassa, ambayo mwaka 1909 ilikabidhiwa kwa Misheni ya Afrika Inland.

Urithi wetu

Mtu aliyetazama Usambiro siku ile ya mazishi angeweza kusema kwamba kazi imekwisha. Mashua haikukamilika na Injili ya Yohana haikumalizika. Lakini maandiko ya Kiganda yaliendelea kusafiri. Vijana wa Buhaya waliokwenda Buganda walijifunza kusoma, wakarudi kwao na vitabu, wakakusanyika kusali kabla mmisionari yeyote wa Kilutheri hajafika. Wamisionari wa Betheli walipoingia Bukoba mwaka 1910, waliwakuta wasomaji hao tayari. Kutoka Buhaya alitoka Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Na kutoka Buhaya walitoka Walutheri wengi waliohamia Mwanza, Geita na Shinyanga kwa kazi, biashara na uchimbaji, wakaanza kusali katika nyumba zao na chini ya miti. Hivyo Neno lililochapwa kwa herufi za mti lilizunguka ziwa, likarudi karibu na kaburi la mchapaji wake.

Tunapotimiza miaka mia moja, tujiulize juu ya makaburi yetu. Wako wainjilisti waliokufa vijijini, ambao watoto wao hawajui tena walipolazwa. Wako akina mama waliozikwa pamoja na watoto wao wachanga, na mvua imesawazisha udongo. Ardhi hii inachimbwa kila mwaka zaidi, na mahali palipokuwa makaburi pasipoandikwa panaweza kugeuka shimo kabla ya kizazi kimoja kupita. Mackay alipata dada wa kuandika habari zake na Kanisa la kuhamisha mifupa yake. Wazee wetu wanatutegemea sisi. Ni wajibu wa kila familia, kila mtaa na baraza la wazee kuandika majina, miaka na mahali, wakati wale wanaokumbuka wangali hai.

Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya Alexander Mackay, kwa ajili ya Parker na Blackburn waliolazwa karibu naye, na kwa ajili ya wapagazi na wakimbizi ambao majina yao yanajulikana na Mungu peke yake. Bwana awape pumziko la milele, na atujalie sisi tulio hai kuwa waaminifu katika zamu yetu.